Koti la Baba na Sheria za Wajerumani

Mwaka 1958, nilipokuwa mtoto wa miaka 11, baba yangu alirudi nyumbani Taita akiwa amevaa koti jeusi la sufi ambalo halikumkaa vizuri. Mikono ya koti ilimfikia vidoleni, na kifua chake, ambacho zamani kilikuwa kipana, kilipotea ndani yake. Alikuwa amefanya kazi miaka 27 katika shamba moja kubwa la mkonge, mwendo wa siku nzima kwa gari moshi kutoka kwetu. Mingi katika miaka hiyo alisimama mahali pa kupigia brashi nyuzi za mkonge, ambapo vumbi hujaa hewani kama ukungu wa asubuhi milimani kwetu. Ila ukungu hupanda ukaondoka, na vumbi lile lilishuka likakaa kifuani. Alipoanza kukohoa na kupumua kwa shida alihamishiwa kazi ya kufagia. Aliposhindwa kufagia aliitwa ofisini, akapewa mshahara wa mwezi ule, blanketi moja na koti hilo, akashukuriwa, akaambiwa aende nyumbani akapumzike.

Watu walikuja kumpokea. Wengi walilisifu koti lile, wakasema ya kuwa bwana wake alikuwa mtu mwema. Baba alinyamaza. Usiku, wageni walipokwisha kuondoka, alimwambia mama maneno ambayo niliyasikia kutoka kitandani mwangu: "Koti hili nimepewa, sikulidai. Na kama wasingenipa, ningemwendea nani?"

Tangu siku ile chakula cha Baba kilitoka katika mashamba ya ndugu zake. Baba mdogo alimlimia, na shangazi alileta maharagwe na ndizi. Hakuna aliyemnyima, wala hakuna aliyemsimanga. Lakini kila mvua zilipochelewa nilimwona Baba akila kidogo kuliko sisi na kusema kwamba ameshiba. Nilipokua ndipo nilipofahamu hesabu ya jambo lile. Nguvu zake zilikwenda katika shamba la mkonge, na uzee wake ukarudishwa mlimani, kwa watu ambao hawakupata hata senti moja katika faida ya mkonge ule.

Mwaka 1967 nami niliajiriwa kuwa karani mjini Mombasa. Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni, ambayo watu wengi huiita NSSF, ilikuwa imeanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, na katika hesabu ya mshahara wangu niliona fedha zimekatwa kwa ajili yake. Nilikasirika. Nilikuwa kijana, na uzee kwangu ulikuwa habari ya watu wengine. Nilipokwenda nyumbani nilimlalamikia Baba. Akaniuliza, "Na tajiri yako, naye hutoa?" Nikamjibu ya kwamba sheria humlazimisha naye kutoa. Akauliza tena, "Na huandikwa kwa jina lako?" Nikasema ndiyo, huandikwa. Akakohoa kwa muda, kisha akasema, "Basi nyamaza, mwanangu. Hilo ni koti unalojishonea mwenyewe. Siku ya kulitaka hutavua kofia mbele ya mtu."

Baba alifariki mwaka 1971. Sikudhani ya kwamba ningeyakumbuka maneno yale katika nchi ya Wajerumani.

Binti yangu ni muuguzi katika mji wa Essen, magharibi ya Ujerumani. Mwaka 2019 alinipelekea nauli nikaenda kumtembelea. Jioni moja aliniwekea mezani karatasi ya mshahara wake, akasema, "Baba, hebu tazama wanavyonimaliza." Nikavaa miwani. Palikuwa na makato ya bima ya ugonjwa, ya malipo ya uzeeni, ya kukosa kazi, na ya kutunzwa atakapokuwa hajiwezi. Kwa malipo ya uzeeni peke yake zilikuwa sehemu 18.6 katika kila 100 za mshahara, nusu yake akitoa yeye na nusu mwajiri wake. Akaniuliza ni nani aliyebuni mambo haya. Sikuwa na jibu. Lakini mimi ni karani, na karani hapendi kuona safu ya hesabu asiyoijua ilikotoka. Kwa hiyo nilianza kutafuta habari, katika vitabu na katika nyumba za makumbusho za mji ule. Na niliporudi Kenya niliendelea kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata, nami nayaandika kwa kuwa naona yanatuhusu.

Karibu na mwaka 1850 mji wa Essen ulikuwa na watu wapatao 9,000 tu. Kufikia mwaka 1896 walikuwa wamezidi 100,000. Waliletwa na makaa ya mawe yaliyo chini ya ardhi, na viwanda vya chuma vya Alfred Krupp, aliyefariki mwaka 1887. Watu hao hawakuanguka kutoka mbinguni. Walikuwa watoto wa wakulima, wengi kutoka mbali sana upande wa mashariki, wengine wakisema Kipoland. Huko kwao kijijini mzee alikuwa na pembe yake karibu na moto, na aliyevunjika mguu alilimiwa na ndugu zake, kama Baba alivyolimiwa. Lakini mtu aliyeketi katika chumba cha kupanga Essen hakuwa na shamba wala baba mdogo. Alikuwa na mikono yake miwili na mshahara wake. Mkono mmoja ukinaswa na mashine leo, kesho mtu mwingine alisimama mahali pake, na kodi ya chumba ilidaiwa vilevile.

Mtu wa namna hiyo angekwenda wapi? Palikuwa na msaada wa maskini uliotolewa na miji. Mji wa Elberfeld, usio mbali na Essen, ulisifiwa sana kwa utaratibu wake wa mwaka 1853. Mji uligawanywa katika mitaa midogo, na raia waliojitolea waliwatembelea maskini nyumbani mwao, wakatazama chungu kina nini na kitanda kina nini, kisha msaada ukatolewa kwa siku 14 tu, baada yake wachunguzwe tena. Sisemi ya kuwa wageni hao walikuwa watu wabaya. Lakini sheria ya uchaguzi ya mwaka 1869 ilisema ya kwamba mtu anayepokea msaada wa maskini haruhusiwi kupiga kura ya Bunge. Wanaume wote waliotimiza miaka 25 walikuwa na kura hiyo, tajiri na maskini. Lakini aliyepokea mkate wa mji aliiweka kura yake mezani. Niliposoma habari hiyo nililikumbuka koti la Baba.

Palikuwa pia na njia ya mahakama. Sheria ya mwaka 1871 ilimruhusu mfanyakazi wa kiwanda au mgodi kumdai tajiri wake fidia alipoumia kazini. Lakini ilimpasa athibitishe ya kwamba msimamizi ndiye mwenye makosa. Nani angekuwa shahidi? Ni wenzake waliofanya kazi pamoja naye, ambao kesho yake walitaka kuingia tena katika lango lilelile. Haki ilikuwako katika kitabu, lakini wachache sana waliweza kuifikia.

Wachimba migodi ndio waliokuwa na jambo bora kidogo. Kwa muda wa mamia ya miaka walikuwa na vyama vyao vya udugu. Chama cha namna hiyo katika milima ya Harz kimetajwa katika hati ya mwaka 1260. Kila mmoja alitia fedha kidogo katika sanduku, na sanduku hilo lilimtunza aliyeumia, na mjane na yatima wa aliyefukiwa na ardhi. Mwaka 1854 serikali ya Prussia ilitoa sheria ya kwamba kila mchimbaji lazima awe katika chama hicho, na wenye migodi nao watoe. Naomba msomaji alikumbuke sanduku hilo, kwa maana yaliyofuata yalijengwa juu ya mfano wake.

Krupp naye alikuwa na hazina yake ya wagonjwa tangu mwaka 1836, na baadaye akajenga nyumba za wafanyakazi, maduka na hospitali. Nilikwenda kuiona nyumba yake mwenyewe, iliyo juu ya kilima katikati ya miti. Ina vyumba 269. Bwana Krupp alitoa mengi, lakini alitoa kwa masharti. Mtu aliyeacha kazi au aliyefukuzwa alipoteza haki ya malipo ya uzeeni, hata kama alikuwa amechangia miaka mingi. Kwa hiyo lilikuwa koti zuri zaidi kuliko la Baba, lakini vifungo vyake vilikuwa mkononi mwa tajiri.

Sasa namfikia mtu ambaye jina lake limeshikamana na jambo hili, yaani Otto von Bismarck, waziri mkuu wa dola ya Ujerumani iliyounganishwa mwaka 1871. Tusidhani ya kwamba alikuwa mtu wa huruma nyingi. Alikuwa mwenye mashamba makubwa, na aliwaogopa wafanyakazi wa mijini. Mwaka 1875 vyama viwili vya kisoshalisti viliungana katika mji wa Gotha. Mwaka 1878 Kaizari Wilhelm alipigwa risasi mara mbili na watu wawili tofauti, na mara ya pili aliumizwa vibaya. Bismarck alishika nafasi hiyo, akapata sheria ya kuipiga marufuku mikutano na magazeti ya wasoshalisti, ijapokuwa watu waliompiga Kaizari hawakutumwa na chama. Sheria hiyo ilidumu hata mwaka 1890.

Lakini Bismarck alijua ya kwamba fimbo peke yake haitoshi. Aliona kuwa mtu anayetazamia malipo ya uzeeni kutoka kwa serikali hatapenda serikali hiyo ianguke. Tarehe 17 Novemba 1881 ujumbe wa Kaizari ulisomwa mbele ya Bunge, ukasema ya kwamba maovu ya jamii hayatapona kwa kuwakandamiza wasoshalisti tu, bali pia kwa kuendeleza hali njema ya wafanyakazi. Kutoka katika ujumbe huo zikatokea sheria tatu.

Ya kwanza ilikuwa sheria ya bima ya ugonjwa, ya tarehe 15 Juni 1883. Mfanyakazi wa kiwandani alilazimika kuwa katika hazina ya wagonjwa. Yeye alitoa sehemu mbili katika tatu za mchango, na tajiri sehemu moja. Akiugua alipata daktari na dawa bila malipo, na kuanzia siku ya tatu alipata nusu ya mshahara, kwa muda usiozidi majuma 13.

Ya pili ilikuwa sheria ya bima ya ajali, ya tarehe 6 Julai 1884. Hapa matajiri peke yao ndio waliotoa fedha, wakiwa wameunganishwa katika vyama kwa kadiri ya namna ya viwanda vyao. Baada ya yale majuma 13, aliyeumia hata asiweze kazi yoyote alilipwa sehemu mbili katika tatu za mshahara wake. Akifa, mjane alipata sehemu moja katika tano. Na jambo lililo kubwa kuliko yote ni kwamba hapakuulizwa tena ni kosa la nani. Ilikubaliwa ya kuwa mashine huumiza watu hata pasipo kosa la mtu, na kwamba gharama ya mkono uliokatika ni gharama ya kiwanda, kama ilivyo gharama ya makaa na mafuta. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatembea kidogo nje. Kwani hiyo ndiyo hesabu iliyonitatiza tangu utotoni: vumbi la mkonge lilikuwa gharama ya mkonge, lakini lililipiwa kwa maharagwe ya shangazi.

Ya tatu ilikuwa sheria ya malipo ya uzeeni na ya wasiojiweza, ya tarehe 22 Juni 1889, ambayo ilipita katika Bunge kwa kura 185 dhidi ya 165, na kuanza kazi tarehe 1 Januari 1891. Mfanyakazi na tajiri walitoa sawa kwa sawa, na serikali ikaongeza marki 50 kila mwaka kwa kila aliyelipwa. Mchango ulikuwa kwa stempu. Kila juma stempu ilibandikwa katika kadi ya mfanyakazi, ya pfenigi 14, 20, 24 au 30 kwa kadiri ya mshahara wake, na nusu ya bei hiyo ilikuwa juu ya tajiri.

Kadi hiyo ilinifanya nikumbuke kitu kingine. Baba alikuwa na kipande chake, ndani ya kasha dogo la bati ambalo zamani alilivaa shingoni kwa kamba. Sheria ya kipande ilikoma mwaka 1947, lakini alikihifadhi. Kilionyesha alianza kazi lini na kwa mshahara gani, ili akitoroka aweze kutafutwa. Wafanyakazi wa Ujerumani pia waliogopa ya kwamba kadi ya stempu itakuwa kitu cha kuwafuatia, na kwa sababu hiyo sheria ilikataza tajiri kuandika ndani yake neno lolote juu ya tabia ya mtu au kazi yake. Karatasi mbili, zote za mfanyakazi. Moja ilionyesha yeye anadaiwa nini, na nyingine ilionyesha yeye anadai nini.

Kadhalika sheria ya mwaka 1883 ilisema wazi ya kwamba malipo ya bima si msaada wa maskini. Maana yake ni kwamba mtu aliyelala kitandani akilipwa na hazina ya wagonjwa aliendelea kuwa raia kamili, na siku ya uchaguzi alikwenda kupiga kura yake kama wenzake. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo jambo jipya lililozaliwa Ujerumani katika miaka ile. Kuwapa maskini kulikuwako tangu dunia ilipoumbwa, na dini zote huliamuru. Jambo jipya lilikuwa kwamba mtu aliyechoka kwa kazi aweze kudai, tena adai kwa sheria, pasipo kupoteza heshima yake.

Je, Bismarck alifanikiwa katika nia yake? Hata kidogo. Wabunge wasoshalisti waliipinga sheria hiyo ya ugonjwa na zile nyingine mbili, wakisema ni rushwa kwa wafanyakazi. Lakini wafanyakazi wenyewe walifanya jambo la busara. Kwa kuwa walitoa sehemu mbili katika tatu za mchango wa ugonjwa, walikuwa na sehemu mbili katika tatu za viti katika halmashauri nyingi za hazina hizo. Baada ya muda walivikalia. Watu waliokatazwa kufanya mikutano ya siasa walijifunza kuongoza mkutano, kukagua vitabu vya fedha na kupatana bei na madaktari, na yote hayo katika ofisi zilizoanzishwa na sheria ya adui yao. Katika uchaguzi wa mwaka 1890 wasoshalisti walipata kura zaidi ya 1,400,000, wakakipita kila chama kingine kwa wingi wa kura. Mwezi wa Machi mwaka huohuo Bismarck aliondolewa katika kazi yake. Alitaka kumfunga mfanyakazi kwa kamba ya shukrani. Lakini mtu hashukuru kwa kile alichokichangia, hukihesabu.

Yafaa niseme pia makosa ya sheria zile, maana wasifiao bila kupima huwapotosha wenzao. Malipo ya uzeeni yalianza katika umri wa miaka 70, na wafanyakazi wengi walikufa kabla ya hapo. Umri huo ulishushwa kuwa miaka 65 mwaka 1916. Fedha zenyewe zilikuwa kidogo, hazikumtosha mtu kuishi peke yake. Wajane hawakuwa na fungu lao katika bima ya uzeeni mpaka sheria ya mwaka 1911, na sheria hiyohiyo ndiyo iliyowaingiza watumishi wa nyumbani na vibarua wa mashamba wote katika bima ya ugonjwa. Bismarck mwenyewe alikataa sheria za kupunguza saa za kazi na za kuwatuma wakaguzi wengi viwandani. Mtumishi wake hodari wa serikali, Theodor Lohmann, ambaye ndiye hasa aliyeiandika sheria ya ugonjwa, alitofautiana naye kwa ajili hiyo, kwani Lohmann aliona ni bora kuzuia mkono usikatike kuliko kuulipia ukiisha kukatika. Na mwaka 1923, fedha ya Ujerumani ilipopoteza thamani kabisa, akiba ya miaka mingi iligeuka kuwa karatasi. Hata hivyo hazina hazikufa, kwa sababu wenye kazi waliendelea kutoa mchango kila juma, na wazee wakalipwa kutokana na huo.

Nchi nyingine zilitazama. Mwaka 1908 Uingereza ilipitisha sheria ya kuwalipa wazee wasio na mali waliotimiza miaka 70 shilingi 5 kwa juma, na malipo yakaanza tarehe 1 Januari 1909. Mwezi wa Agosti mwaka huo wa 1908 David Lloyd George, waziri wa fedha, alisafiri kwenda Ujerumani kuona kwa macho yake jinsi bima inavyoendeshwa. Matunda ya safari hiyo yalikuwa sheria ya bima ya mwaka 1911, ambayo mwanamume aliyeajiriwa alitoa peni 4 kwa juma, tajiri peni 3 na serikali peni 2. Mwaka 1942 William Beveridge alitoa taarifa yake iliyotaka bima hiyo iwafikie watu wote, na tarehe 5 Julai 1948 matibabu ya serikali yakaanza kutolewa kwa kila mtu nchini humo bila malipo.

Nasi Kenya, tulipopata uhuru, tulipokea mti ule lakini tulipanda tawi dogo. Hazina ya mwaka 1965 ilikuwa ya kuweka akiba na kupewa fungu moja siku ya kustaafu, si malipo ya kila mwezi hata kufa. Mimi nilistaafu mwaka 2002. Fungu langu liliezeka nyumba kwa mabati na kumaliza karo ya mtoto wa mwisho, na baada ya miaka michache halikuwako tena. Sheria ya mwaka 2013 ilikusudia kuigeuza hazina hiyo iwe ya malipo ya kila mwezi. Bima ya Taifa ya Hospitali, iliyoanzishwa mwaka 1966, nayo iliondolewa, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pake pamechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo mwenye mshahara huilipa sehemu 2.75 katika kila 100. Lakini kibarua wa shamba, mwenye kibanda cha sokoni na mpanda bodaboda, wengi wao wangali wakitegemea lile tegemeo la zamani, yaani ndugu. Na ndugu wenyewe leo wamo mijini, katika vyumba vya kupanga, kama watu wa Essen wa wakati ule.

Wapo watu wanaosema ya kwamba sisi Waafrika hatuhitaji mambo haya, kwa kuwa tunao ujamaa wetu. Mimi sitasema neno baya juu ya ujamaa uliomlisha baba yangu miaka 13. Ila nataka tuone ulibebeshwa mzigo wa nani. Aliyepata faida ya nguvu zake hakubeba kitu ila bei ya koti. Ndugu huweza kumtunza mzee wao kwa upendo, lakini si haki watunze pia deni la tajiri. Sanduku la wachimba migodi lilikuwa ujamaa vilevile. Tofauti ni kwamba liliandikwa, na baadaye sheria ikamwambia mwenye mgodi, wewe nawe tia chako.

Kabla ya kuondoka Essen sikuwa nimeyajua yote haya, lakini nilikuwa nimejua ya kutosha kumjibu binti yangu. Nilimrudishia karatasi yake nikamwambia maneno ya babu yake, ambaye hakumwona: ya kwamba hilo ni koti analojishonea, na siku ya kulitaka hatavua kofia mbele ya mtu. Alicheka, akasema koti hilo ni ghali. Nikamwambia ndiyo, ni ghali. Lile la babu yake lilikuwa la bure.

Msomaji mwenzangu, kama u mwajiriwa, iangalie karatasi yako ya mshahara kila mwezi, na uulize kama kilichokatwa kimefika kinakopelekwa na kama mwajiri wako ametia sehemu yake. Kama una kibarua katika shamba lako, hata mmoja, jiulize atakapochoka atakwenda kwa nani. Na karatasi zako zihifadhi. Baba alihifadhi kipande chake hata kufa, katika kasha lile la bati, na hakikumfaa kitu. Yako huenda ikakufaa.